Unaenda kufundisha Kiingereza Urusi? Koti utanunua hukohuko, pambana kwanza na makaratasi

Kila mtu akisikia unaenda Urusi swali lake la kwanza ni baridi, utaiweza kweli? Na wewe mwenyewe usiku unakesha na video za watu wanarusha maji ya moto hewani yanageuka ukungu kabla hayajagusa chini, asubuhi unaanza kusaka koti. Mi nilifanya hivyohivyo. Nikabeba koti zito kama godoro, kufika kule upepo unapita kama vile nimevaa chandarua, na huku tafsiri ya cheti changu cha chuo ina jina limekosewa herufi moja. Koti nililibadilisha siku moja. Ile herufi ilinila wiki 5. Ndo maana hapa baridi nimeiweka mbali kidogo, tunaanza na makaratasi, kwa sababu Urusi zinatangulia karatasi zako, we mwenyewe unafuata nyuma.

Neno moja kwenye viza

Viza ya Urusi ina sehemu inaandikwa sababu ya safari. Yako inatakiwa iseme kazi, basi, sio utalii wala biashara wala ziara binafsi. Najua kuna mtu atakuja kukwambia "we njoo tu na ya utalii, ukishafika tunaibadilisha". Kwa utaratibu wa kawaida hiyo haibadilishwi ukiwa ndani ya nchi, inabidi utoke uanze upya, na kama ulishaanza kuingia darasani basi umefanya kazi bila kibali, kuna faini na unaweza kurudishwa kwenu na ukafungiwa kuingia tena kwa miaka. Yeye aliyekwambia njoo tu wakati huo hapatikani kwenye simu.

Njia halali inaanzia kwa mwajiri. Yeye ndo anaomba mwaliko, wenyewe wanaita priglashenie, kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ambayo kila mtu anaiita MVD. Mwaliko ukitoka anakutumia, ndo unaenda nao ubalozini. Viza ya kwanza kawaida ni ya kuingia mara moja, isiyozidi siku 90, halafu ukiwa huko mwajiri anaiongeza inakuwa ya kuingia na kutoka, mpaka mwaka mmoja. Pembeni ya viza kuna kibali chenyewe cha kazi, razreshenie na rabotu. Vitu viwili tofauti, usije ukadhani ukiwa na kimoja umemaliza. Utasikia pia neno patent, hicho ni kibali cha raia wa nchi wanaoingia bila viza, kina Uzbekistan na Tajikistan huko, kwa hiyo mtu akikwambia atakukatia patent na wewe unaingia kwa viza, ama hajui anachosema ama anakuchezea.

Kibali cha kawaida kinakufunga kwa mwajiri huyo na kwa mkoa huo. Yaani ukipewa kibali cha Kazan huwezi kuamka ukaenda kufundisha Moscow kwa sababu umepata rafiki huko, na zile tuisheni za pembeni ambazo kila mzazi atakuomba umfundishie mtoto, zile nazo ni kazi. Watu wanafanya, sikatai, ila ujue unachofanya. Kuna daraja la juu zaidi, VKS, mtaalamu wa kiwango cha juu, hao wanapewa viza mpaka miaka 3 na hawafanyi mtihani wa Kirusi, lakini tangu 2024 mshahara wao lazima ufike rubli 750,000 kwa kila miezi 3, na vituo vingi vya lugha havifiki hapo. Wewe wa kibali cha kawaida mtihani unakuhusu, Kirusi cha msingi, historia na sheria za nchi. Sio mgumu, ila anza kusoma herufi zao leo. Herufi 33, wiki moja inatosha, na ukishazijua ghafla nusu ya mabango ya mtaani unayaelewa maana РЕСТОРАН iliyokuchanganya kumbe ni restoran.

Wengi ninaowajua walipita mlango mwingine kabisa, walienda kusoma. Tangu Agosti 2020 mwanafunzi wa kigeni anayesoma kozi ya kutwa kwenye chuo kilichotambuliwa na serikali anaruhusiwa kufanya kazi bila kile kibali. Kama una mpango wa kusoma masta hata hivyo, piga hesabu hiyo njia, inaondoa nusu ya kichwa kuuma.

Vipimo: kwa kukaa zaidi ya miezi 3 ubalozi unataka cheti cha VVU, kinaishi miezi 3 tu toka tarehe ya kupimwa, kwa hiyo usikimbilie kupima kabla mwaliko haujakaribia. Majibu yakiwa na maambukizi viza hawatoi, sheria yao ndo iko hivyo.

Kazi hewa

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kuna kazi za Urusi zinazotangazwa kwa vijana wa Afrika ambazo mwisho wake siyo darasa. Mwaka 2024 shirika la habari la AP lilitoa ripoti ya wasichana wa Kiafrika walioitwa kwenye programu ya Alabuga Start huko Tatarstan wakitegemea kazi na masomo, wakajikuta wanaunganisha droni za vita. Na 2025 zikaja habari nyingi za vijana walioahidiwa ulinzi, udereva, viwandani, wakafika wakawekewa mkataba wa Kirusi mezani, wakasaini, kumbe ni wa jeshi. Kwa hiyo kanuni yangu ni ya kishamba lakini inafanya kazi: karatasi ambayo sijaisoma kwa lugha ninayoielewa siisaini, hata kama wamenilipia tiketi, hata kama dereva ananisubiri nje na gari linanguruma.

Kituo cha kweli utakijua. Watakufanyia usaili kwa video, watakuuliza ungefundisha vipi sentensi fulani, watakuomba ufundishe dakika 15 za majaribio. Wewe nawe omba kuongea na mwalimu mgeni aliyepo pale sasa hivi, bila bosi kuwepo. Omba pia namba ya kampuni ya usajili wa kodi, INN, ukiiandika kwenye tovuti ya mamlaka yao ya kodi inakuonyesha kampuni ipo au haipo, ilianza lini, inafanya shughuli gani. Ukikuta mwajiri wako wa Kiingereza amesajiliwa kuuza matairi, kaa chini fikiria. Na anayekudai wewe hela ya "kushughulikia ajira" mwache na ajira yake.

Jambo jingine ambalo matangazo hayasemi wazi. Utaona neno nositel yazyka, maana yake mtu aliyezaliwa na lugha, na kichwani mwao huyo ni Mwingereza, Mmarekani, au yeyote mweupe anayefanana nao. Kuna vituo vitakukataa kwa pasipoti tu, vingine vitakuchukua kwa mshahara mdogo kuliko mwenzako ambaye hata cheti hana. Ila tangu 2022 wale wengi waliondoka, na shule za chekechea, kambi za watoto na vituo vya mikoani vinahitaji watu. Shahada ya chochote, cheti cha kufundisha Kiingereza cha saa 120 au kile cha Cambridge kinachoitwa CELTA, na video yako fupi ukiwa darasani na watoto kweli, hicho cha mwisho kimenifungulia milango kuliko vyote.

Jina lako kwa herufi zao

Hii ndo iliyonila wiki 5 kwa hiyo nisikilize. Cheti cha shahada, cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa, vyote vinatakiwa vihalalishwe. Kama nchi yako ipo kwenye mkataba wa Hague unagongewa apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha karatasi, kama haipo unapitia wizara ya mambo ya nje ya kwenu kisha ubalozi wa Urusi. Ulizia mapema, usibebe cheti kitupu, maana ukishafika huwezi kurudi kugonga muhuri. Baada ya hapo vinatafsiriwa Kirusi na mthibitishaji anaweka sahihi yake, na pasipoti nayo hivyohivyo.

Sasa tatizo. Chukua jina kama Mwajuma Hassan. W haipo kwao, mtafsiri mmoja ataandika Мваджума, mwingine Муаджума. H nayo haipo kama yetu, mmoja ataweka Хассан mwingine Гассан, na usicheke, kuna sababu zake, hata Hamburg wao wanaita Gamburg. Kwetu ni mtu mmoja, kwa mama wa dirishani benki hao ni watu wawili tofauti na mmoja wao anatumia karatasi za mwenzake. Mimi yule mama aliweka viza yangu na tafsiri kando kwa kando, akaweka kidole kwenye ile herufi, akanitazama, akafunga faili. Hakupandisha sauti hata kidogo. Nilirudi kwa mtafsiri, mtafsiri akasema yuko sahihi, viza ndo imekosea, nikaenda kazini, kazini wakasema turudie tafsiri zote.

Dawa yake: viza ikitoka, kabla hujatoka ubalozini, soma jina lako la Kirusi herufi kwa herufi, piga picha, na kuanzia hapo kila mtafsiri mwonyeshe ile picha mwambie andika hivi hivi, hata kama unadhani ni makosa. Usimwachie aamue. Na ukitaka kutulia kabisa, tafsiri zifanyike kulekule Urusi baada ya kupata viza.

Hela, kwenye mkataba na mfukoni

Mshahara utatajiwa kwa namna mbili. Kuna ule wa kabla ya makato na kuna wanaouita na ruki, yaani mkononi, kama sisi tu. Uliza umetajiwa upi. Kwa sababu mgeni ambaye hajafikisha siku 183 nchini ndani ya miezi 12 anakatwa kodi asilimia 30, akishafikisha anashuka kwenye 13. Yaani ukiambiwa rubli 100,000 na ukapanga maisha ya 100,000, miezi ya mwanzo unapokea 70,000. Ile iliyozidi inarekebishwa baadaye ukishakuwa mkazi wa kodi, ila kodi ya nyumba haisubiri baadaye. Wale wa VKS wanaanza na 13 siku ya kwanza.

Uliza na saa. Wao wana saa ya darasa, akademicheskiy chas, dakika 45, na ukifundisha kipindi cha dakika 90 hizo ni saa 2 za darasa. Kama mkataba unasema tu "kwa saa" mbishane hapohapo kabla ya kusaini. Uliza nani analipia muda wa kusafiri kutoka tawi moja kwenda lingine, kwa sababu utajikuta asubuhi uko chekechea upande huu, jioni unafundisha wafanyakazi wa ofisi upande ule, katikati una saa 4 za kuzurura na begi la vitabu. Wanaolipa nusu kwenye bahasha nao wapo, ile bahasha haina likizo wala ushahidi ukigombana nao. Sheria yao ya kazi kiukweli sio mbaya: mshahara angalau mara 2 kwa mwezi, likizo yenye malipo siku 28, na hakuna kukatwa faini eti umechelewa dakika 10. Bosi akikuletea karatasi ya faini muulize kwa upole hiyo imo kifungu gani.

Mfukoni sasa. Visa na Mastercard zilisimamisha kazi Urusi Machi 2022, kadi yako ya benki ya kwenu ukifika pale ni plastiki. Western Union nayo ilitoka. Kwa hiyo unaingia na pesa taslimu, dola au yuro, noti mpya safi, isiyo na mkunjo wa kudumu wala mhuri wala alama ya kalamu, maana zile za zamani watakukatalia au watakupunguzia. Ukizidi dola 10,000 unatangaza forodhani, ila nani kati yetu anazidi. Beba ya kukutosha miezi 2 kabisa bila mshahara, weka humo na amana ya nyumba. Baadaye utafungua akaunti upate kadi ya Mir, mfumo wa kadi wa kwao wenyewe, na utaanza kutumiana hela kwa namba ya simu kama unavyofanya kwenu, hiyo sehemu wako vizuri sana. Kutuma nyumbani ndo mtihani, panga na familia kabla hujaondoka, usiwaahidi kitu kwa mwezi wa kwanza.

Simu na mitandao

Tangu Januari 2025 mgeni hapati laini kirahisi, lazima uwe na SNILS ambayo ni namba ya bima ya jamii, akaunti ya Gosuslugi, tovuti yao ya huduma za serikali, na upigwe alama za uso na sauti benki. Inachukua siku. Siku hizo unaishi kwa waifai. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege pakua ramani zao, Yandex na 2GIS, hifadhi mji wako usome bila intaneti, pakua mtafsiri wa Kirusi bila intaneti, na andika anwani ya kazini na ya kulala kwenye karatasi kwa Kirusi, karatasi ya kweli ya kushika.

Facebook na Instagram zimefungwa toka Machi 2022, na kampuni mama yake mahakama ya Moscow iliiweka kwenye kundi la misimamo mikali. Simu za WhatsApp na Telegram zilianza kubanwa Agosti 2025. Shule nyingi zinahamia programu yao ya kutumiana ujumbe inaitwa Max. Kaa na mama yako mkubaliane mapema njia ya pili na ya tatu ya kupatana, hata barua pepe, maana siku WhatsApp ikigoma atadhani umekufa.

Na kwa kuwa tuko hapo, darasani vita ya Ukraine usiifanye mada ya mjadala. Tangu 2022 kuna sheria ya kulidhalilisha jeshi, na mahusiano ya jinsia moja nayo yana sheria zake. Mwanafunzi akikuchokoza kwa swali, mrudishe kwenye sarufi. Vitabu vya nje vina mada nyingi za kuamsha ubishi, zipitie kabla.

Siku za mwanzo ukishafika

Ndege utapita Addis Ababa, Dubai, Doha au Istanbul, za Umoja wa Ulaya haziendi. Weka muda mrefu kati ya ndege na ndege, viwanja vya Moscow vinafungwa ghafla kwa masaa kwa sababu ya droni, nimeona watu wamelala sakafuni.

Dirishani utapewa kadi ya uhamiaji, kikaratasi kidogo tu. Kwenye viwanja vikubwa ofisa anaichapa mwenyewe. Usiondoke dirishani kabla hujaangalia mstari wa sababu ya safari umeandikwa работа, kazi. Ofisa akichapa utalii kwa bahati mbaya, baadaye hakuna atakayejali kwamba viza yako iko sawa. Ile kadi ilinde kama pasipoti, utaidaiwa ukitoka.

Halafu registratsiya, kusajiliwa unapokaa, ndani ya siku 7 za kazi. Anayekusajili ni aliyekupokea, hoteli, mwajiri, au mwenye nyumba. Unapewa kipande cha karatasi, tembea nacho. Ukihama nyumba unasajiliwa upya. Wenye nyumba wengi hawapendi, wanaogopa kodi na maswali, kwa hiyo kwenye simu ya kwanza kabla hata ya kuuliza bei uliza utanisajili? Na ndani ya siku 30 unaenda kupigwa alama za vidole, picha, na vipimo: VVU, kifua kikuu, kaswende, ukoma, dawa za kulevya. Ukiwa unafundisha watoto utaongezewa kijitabu cha afya, medknizhka. Ukichelewa haya mambo unaweza kuishia kwenye orodha ya watu wanaofuatiliwa iliyoanza Februari 2025, humo hata hela yako benki unapewa kwa kipimo.

Nyumba zinapatikana kwenye tovuti za Avito na Cian, dalali anataka chake, mwenye nyumba anataka amana ya mwezi. Utakutana na matangazo yameandikwa "kwa Waslavi tu". Yanauma mara ya kwanza. Usiyapigie kujaribu bahati, mwombe mwajiri akupe chumba miezi ya kwanza na liwe kwenye mkataba, au atume mfanyakazi wao apige simu kwa niaba yako na aseme wazi mpangaji ni nani.

Haya, baridi

Nyumba zina joto la pamoja linawashwa na mji, sio wewe. Linawashwa baada ya wastani wa joto nje kukaa chini ya nyuzi 8 siku 5 mfululizo, kwa hiyo wiki mbaya kuliko zote ndani ya nyumba sio Januari, ni ile ya mwisho wa Septemba mabomba bado ya baridi na wewe umevaa soksi tatu. Januari ndani utakaa na fulana. Ndo maana koti zito moja halisaidii, unatoka kwenye nyuzi 25 unaingia nje hasi 20 unaingia metro unatokwa jasho. Vaa tabaka tabaka, nguo ya ndani ya joto inabana mwili, juu sweta, juu pukhovik, koti la manyoya laini ya ndege, vyote nunua kule. Viatu vyenye soli ya kushika barafu ndo vya kutoa hela. Kingine ni giza. St Petersburg Desemba jua linatoka saa 4 asubuhi na kabla ya saa 10 jioni limeshazama, wewe muda huo wote uko darasani. Meza vitamini D, sio utani.

Kutoka kwenu beba mafuta ya ngozi ya kutosha maana yale mabomba yanakausha mpaka pua inatoka damu, vitu vya nywele, vipodozi vya rangi yako. Chakula usibebe, unga wa semolina unaitwa manka, ukiusonga vizuri na usipoangalia rangi unakula ugali wako unalala.

Darasani

Viatu vya ndani, smennaya obuv, nunua jozi, ukiingia chekechea na buti la theluji mama wa usafi atakufukuza na hana haja ya Kiingereza. Alama ni 2 mpaka 5, 2 ni kufeli, 5 ni bora. Darasa la 9 wana mtihani wa OGE na la 11 EGE, wazazi watakulipa kwa ajili ya hiyo, kwa hiyo pakua mifano ya karatasi zake uzijue kabla. Tarehe 1 Septemba watoto wanaleta maua, na idadi lazima iwe witiri, shufwa ni ya msibani, kumbuka na wewe siku ya kumpa mkuu wa shule.

Sasa kitu ambacho hakuna kozi iliyoniambia. Wewe mwenye Kiswahili una faida kwa Mrusi ambayo huyo nositel yazyka hana. Dada mmoja mhasibu alikuja darasa la jioni ana bandeji gumu, akasema "I broke my hand", na kilichovunjika ni hapa juu karibu na kiwiko. Kwa Kirusi ruka ni kuanzia begani mpaka kwenye kucha, mkono, basi. Noga ni mguu wote mpaka chini, mwingine akaniambia "my leg is 39" akimaanisha saizi ya kiatu. Palets ni kidole, cha mkononi na cha mguuni sawa. Ningeanza kushangaa wakati mimi mwenyewe nilifanya makosa hayohayo darasa la tano? Hawana a wala the, na sisi hatuna, kwa hiyo ile njia uliyojifunzia wewe kumbuka vizuri ndo utakayowafundishia. "I teacher" wanasema kwa sababu kwao ni ya uchitel, mimi mwalimu, bila ya "ni", na sisi mtaani si tunasema hivyohivyo?

Matamshi yao yanavunjika mwisho wa neno, bag inakuwa bak, dog inakuwa dok. Sisi ugonjwa wetu ni kinyume, tunaongeza irabu, bagi, dogi. Hapo nikagundua dawa: mwambie Mrusi aseme "bagi" kama babu yangu, mara kumi, darasa zima licheke, halafu apunguze ile i kidogo kidogo mpaka iishe, g inabaki.